Hodi ya Tatu

Juzi fundi bomba alifika nyumbani kwetu wakati mimi nikiwa bafuni, akabisha hodi mara tatu, hakuitikiwa, akaondoka zake na begi lake la spana. Jirani ndiye aliyetupa habari hiyo, na binti yangu, ambaye muda wote alikuwa chumbani kwake akisikiliza muziki, aliniuliza kwa hasira ni mtu mzima gani huyo anayeitwa kazini kisha anaondoka kabla ya kufunguliwa. Nilimweleza kwamba kwetu Tanga ndivyo tulivyolelewa: hodi ya kwanza ni ya kuwajulisha wenyewe kwamba pana mtu, ya pili ni ya kuwapa nafasi wajisitiri, na ya tatu isipoitikiwa mgeni hugeuza akarudi alikotoka, bila kinyongo. Binti yangu hakuridhika, na wala sikumlazimisha aridhike, kwa sababu nilipokuwa nikiyasema hayo fikra zangu zilikwisha kuhamia St. Petersburg, mwezi wa Januari, kwenye mtihani wa mwisho wa muhula niliokwenda kufundisha huko.

Muhula wenyewe sitausimulia wote. Baridi ilikuwa kama mnavyoidhania, jua lilikuwa halichomozi mpaka karibu saa nne asubuhi, na kila nilipotaja kwamba natoka Afrika, awe dereva wa teksi au muuza samaki, mtu alinikumbusha kwa fahari kwamba baba wa babu mzaa mama wa mshairi wao Pushkin alikuwa Mwafrika. Kiswahili nilikikuta huko kikiwa na kiti chake. Kilianza kufundishwa katika mji huo katika miaka ya 1930, mji ukiitwa Leningrad, na Dmitri Olderogge, mtaalamu ambaye pia alifanya kazi katika jumba la makumbusho la Kunstkamera lililo ukingoni mwa mto Neva. Mwenzangu katika darasa lile, mama mtu mzima ambaye kila asubuhi nilimwamkia shikamoo naye akaniitikia marahaba kwa sauti ya mtu aliyezaliwa Pangani, alikuwa bado anatumia kamusi ya Kiswahili na Kirusi iliyotolewa mwaka 1961 chini ya usimamizi wa huyo Olderogge, na jalada lake alikuwa amelishona mwenyewe kwa uzi mweusi. Wanafunzi walimwita kwa jina lake pamoja na jina la baba yake, kama ilivyo desturi ya Warusi kwa mtu wanayemheshimu. Mimi nilimwita Mama, naye alinikubalia.

Mtihani wao si kama wetu wa kujaza vijitabu na kuvikusanya. Mwanafunzi huingia chumbani, huchagua karatasi moja kati ya zilizofunikwa mezani, ambazo wao huziita tiketi, hupewa muda wa kujiandaa pembeni, kisha huja kuketi mbele ya walimu akajibu kwa mdomo. Akimaliza, alama huandikwa papo hapo, mbele ya macho yake, katika kijitabu chake kinachoitwa zachyotka: tano ni bora sana, nne ni nzuri, tatu ni ya kuridhisha, na mbili haiandikwi kabisa kijitabuni, bali mwenyewe hurudi siku nyingine kufanya upya. Mimi niliyezoea kusahihisha karatasi zenye namba badala ya majina, nikiwa nyumbani na kikombe cha chai, nililiona jambo hili kuwa gumu mno. Kumwambia mtu usoni kwamba ameridhisha tu, na yeye akushukuru, kunahitaji kifua.

Nao wana mbinu zao za kujikinga. Kuna wanaoacha kuosha nywele siku ya mtihani, na kuna wanaoweka sarafu ya ruble tano ndani ya kiatu, chini ya kisigino, ili wapate tano. Asubuhi ile karibu nusu ya darasa langu ilitembea kama yenye mwiba unyayoni, na nilipomtazama Mama kumwuliza kama ameona, alisema tu kwamba na yeye alifanya hivyo enzi zake, isipokuwa zamani zilikuwa kopeki.

Kijana ninayemkumbuka alikuwa mrefu, mwenye haya, mzaliwa wa kaskazini ya mbali huko Murmansk, ambako katikati ya majira ya baridi jua halichomozi kabisa kwa wiki kadhaa. Darasani alikuwa mtu wa kunyamaza. Tiketi yake ilikuwa na mambo matatu: kusoma na kufasiri habari fupi ya gazeti, kueleza upatanisho wa kisarufi katika ngeli ya ki-vi, na mwisho mazungumzo, ambayo maelezo yake yalikuwa hivi: mgeni anafika nyumbani kwa mwalimu wake, anabisha hodi, anakaribishwa, anasalimu, anaeleza shida iliyomleta. La kwanza alilivuruga, akageuza korosho za Mtwara kuwa karanga na wakulima kuwa wafanyabiashara. La pili alilijibu nusu. Lilipofika la tatu, aliinuka akaomba ruhusa atoke nje, ili abishe hodi akiwa mlangoni kweli badala ya kujifanya yuko mlangoni. Mama alikunja uso kidogo, kisha akaruhusu.

Mlango wa chumba kile ulikuwa wa mbao, mrefu kupita kiasi, umepakwa rangi nyeupe miaka nenda miaka rudi mpaka nakshi zake zikawa zimezibika na kubaki mabonde tu. Aliufunga nyuma yake. Tukamsikia akikohoa, halafu ikaja, kwa sauti ya chini: "Hodi!"

Nilimwashiria Mama tusiitike kwanza. Nyumbani hakuna anayeitikia hodi ya kwanza papo kwa papo. Mama yangu mzazi angetafuta khanga yake kwanza, angemfukuza kuku sebuleni, ndipo angefungua kinywa. Nilitaka kuona kama kijana anajua kwamba inabidi arudie. Na kweli akarudia, safari hii kwa sauti iliyopanda: "Hodi wenyewe!" Hilo neno la pili sikuwahi kulifundisha, wala halimo katika kitabu tulichotumia, na nilimwona Mama akiinua penseli yake na kuiacha hewani. Nikavuta pumzi niitike.

Ndipo mzinga ukalia. Ng'ambo ya pili ya mto, katika ngome ya Petro na Paulo, hupigwa mzinga kila siku ifikapo saa sita kamili mchana, na wenyeji wa mji huo, hata wenye simu za gharama kubwa, bado huutumia kurekebishia saa zao. Nilikuwa nimeusikia mara nyingi nikiwa barabarani. Ndani ya chumba kile, penye madirisha yenye vioo viwili viwili vilivyozibwa pembeni kwa karatasi ya gundi ili upepo usipenye, uliingia kama mtetemo zaidi kuliko sauti: kijiko kikagonga ukingo wa bilauri ya chai ya Mama, vioo vikanguruma, kisha kukawa kimya. Nikaita, "Karibu!" Hapakuwa na jibu. Nikaita tena, "Karibu ndani!" Nikainuka nikafungua mlango. Koridoni walikuwepo wasichana watatu wa darasa lake, wamekaa juu ya kizingiti cha dirisha wakipitia madaftari, na mmoja akanyoosha kidole kuelekea ngazi. Kijana alikuwa amekwenda zake.

Swali lililozuka hapo lilituchukua muda mrefu kuliko mtihani wenyewe. Mama, ambaye maisha yake yote ameyapitisha akihesabu makosa ya watu, alisisitiza kwamba amesikia hodi mbili. Mimi nilishikilia kwamba ya tatu ilimezwa na mzinga. Tukawaita wale wasichana kuwa mashahidi: wa kwanza akasema ni tatu, wa pili akasema hakuinua kichwa kutoka kwenye daftari, na wa tatu akasema alimsikia akisema neno fulani baada ya mshindo, ila hawezi kuapa kwamba neno lenyewe lilikuwa hodi. Mama akasema kwamba kwa taratibu anazozijua yeye mtahiniwa anayeondoka kabla ya kumaliza hana alama. Nikamkumbusha kwamba aliondoka kwa ruhusa yetu.

"Tulimruhusu kutoka mlangoni," alisema, "hatukumruhusu kwenda kwao."

Msichana mmoja alitumwa kumfuata. Alimkuta chini kwenye chumba cha makoti akiwa amekwisha kurudisha kibao chake cha namba na kuvaa koti, na bibi mlinzi wa makoti, ambaye hata mkuu wa chuo asingethubutu kumpita akiwa amevaa koti la nje, alikataa kumruhusu apande ngazi mpaka alivue, alitundike upya na apewe kibao kingine. Kwa hiyo tulingoja. Alipofika alikuwa ameshika kofia ya manyoya aliyosahau kuiacha, na uso wake haukusema lolote. Alisimama nje ya mlango uliokuwa wazi, akasema hodi kwa unyenyekevu, nami nikasema karibu, nikaenda kumpokea na kumnyooshea mkono. Akarudi nyuma hatua moja. Nyuma yangu nikamsikia Mama akipaza sauti, "Si hapo! Si hapo!" Warusi hawapeani mkono juu ya kizingiti cha mlango, wazee wao husema kufanya hivyo huleta ugomvi. Nikarudi ndani, naye akavuka, ndipo tukashikana mikono. Kiganja chake kilikuwa kimelowa.

Mama akamwuliza kwa Kiswahili, "Mbona uliondoka?"

Akajibu, bila kukwama hata kwenye silabi moja: "Nimebisha hodi mara tatu, sikuitikiwa, nikajua wenyewe hawapo."

Mzaliwa wa Tanga asingelisema vizuri zaidi. Kama angenyamaza hapo, mjadala ungekwisha. Lakini mazungumzo yalitakiwa kuendelea, na alipoketi mbele yangu, mimi mwalimu wake niliye na umri wa baba yake, alinisalimu kwa kuniambia "Hujambo." Mtu anayejua kwamba hodi ya tatu isipoitikiwa unageuza, na ambaye kutoka pasipojulikana ameleta "hodi wenyewe", amesahau shikamoo? Shida iliyomleta kwa mwalimu wake nayo aliieleza kwa maneno ya kuokoteza: mara amepoteza kitabu, mara kitabu kimempoteza yeye. Mama alitaka kumpa tatu. Mimi nilitaka kumpa tano. Kijana alitutazama kwa zamu huku tukibishana mbele yake, nusu Kiswahili nusu Kirusi, na hatimaye Mama akaandika "nzuri" katika kijitabu chake, akatia saini, nami nikatia yangu chini yake. Kijana alishukuru akainuka, na nikamwona akichechemea kidogo alipoelekea mlangoni.

Jioni ile tulikusanyika idarani, walimu na wanafunzi, kunywa chai ya kuagana, na kwa kuwa ilikuwa tarehe 13 Januari walikuwa na sababu ya pili ya kuandaa meza. Warusi walipobadilisha kalenda mwaka 1918 waliruka siku 13, lakini mwaka mpya wa zamani hawakukubali kuutupa, hivyo huusherehekea usiku wa kuamkia tarehe 14, siku chache tu baada ya kupumzika kutokana na ule wa kwanza. Niliwaambia kwamba na sisi tuna wetu, Mwaka Kogwa wa Makunduchi, unaosherehekewa katikati ya mwaka kwa kupigana kwa vigomba vya migomba, wakafurahi kupita kiasi. Palikuwa na machungwa madogo, saladi ya viazi na mayonezi ambayo bila hiyo hawawezi kuuaga mwaka, na samaki wa chumvi aliyefunikwa kwa tabaka la viazisukari vyekundu vilivyokunwa, ambaye nilimla kwa adabu.

Kijana wa Murmansk nilimpata karibu na birika. Nilimwuliza kwa sauti ya chini, kwa namna ya utani ili asione kwamba bado ninamtahini, kama kweli alibisha mara tatu au aliogopa akakimbia. Hakuona haya kama nilivyotarajia.

"Mwalimu," alisema, "wewe ungengoja mpaka lini?"

Kisha akanijazia kikombe changu, akaenda kukaa na wenzake.

Nimekwisha kuwasimulia wazee kadhaa wa Tanga kisa hiki, na hawajakubaliana. Mjomba wangu anasema kijana alikimbia, na kwamba jibu lake alilitunga akiwa ngazini wakati wa kupanda. Mama yangu mzazi anasema alama nne ni dhuluma tupu, kisha huniuliza kama yule mtoto alikuwa na koti la maana. Mimi huwa upande wa mama yangu mpaka nikumbuke ile "Hujambo", halafu sijui tena niko upande gani.

Mwaka uliofuata mwenzangu yule aliniandikia barua pepe ndefu yenye salamu za idara nzima, na mwishoni akanijulisha kwamba ile tiketi imerekebishwa. Maelezo ya mazungumzo sasa yanasema hivi: mgeni atabisha hodi mara moja, kwa sauti ya kusikika, na atasubiri mpaka aitikiwe. Mtihani huo wa mazungumzo pia umesogezwa, usianze kabla ya saa saba mchana. Nilimjibu kwamba saa nimeielewa, lakini hilo la kusubiri mpaka kuitikiwa si utaratibu wa nyumba yoyote ninayoijua mimi. Hajanijibu, na ninavyomjua, tiketi haitabadilishwa tena.