Limepita hilo!

Leo mchana hapa Wete mamaangu kala wali wa nazi kamaliza sahani, mie nabaki namtazama tu.

Mwaka mzima chakula kinamkwama kifuani, hata maji, akilala usiku yanamrudi. Daktari kasema akalasia, yaani ule mlango wa chini wa umio, njia ya chakula kwenda tumboni, haulegei tonge likifika. Kapewa dawa ya isosobaidi, anaiweka chini ya ulimi kama robo saa kabla ya kula.

Haiponyeshi, inalegeza tu kwa muda, na kichwa kinamgonga kwelikweli mpaka anajifunga kanga kichwani ndo anakaa mkekani.

Lakini tonge la kwanza leo kanyamaza, mkono kifuani, anasikiliza... kisha kanigeukia, "limepita hilo!"

Jamani mlouguza ugonjwa huu, hicho kichwa mlikifanyaje?