Gari la umeme kwenye baridi ya Norway: na sisi wa ikweta tunalijua

Mwenzangu mmoja kazini hapa Oslo ameniambia mbele ya watu kwamba mtu wa ikweta hawezi kuelewa gari la umeme wakati wa theluji, bora ninunue la dizeli. Imeniuma sana. Mimi natoka Uganda, ambako Chuo Kikuu cha Makerere waliunda gari la umeme, Kiira EV, na kuliendesha mwaka 2011! Naye huwasha hita hadi mwisho akishashika barabara, kisha analaumu betri.

Jamani, mlaji mkubwa ni hita. Injini ya petroli ina joto la bure. Gari la umeme hulichota kwenye betri ileile inayozungusha magurudumu. Mwaka 2019 AAA, shirika la wenye magari la Marekani, lilipima magari 5 kwenye nyuzi 7 chini ya sifuri. Bila hita, umbali wa kwenda kwa chaji moja ulipungua kwa wastani wa asilimia 12. Kwa hita, 41.

Kwa hiyo langu nalipasha moto likiwa bado limechomekwa kwenye chaja, nikinywa chai. Vioo vinayeyuka barafu, viti vinapata joto, na betri haijaguswa. Njiani nawasha moto wa kiti na usukani, unaokula umeme kidogo mno, na hita naishusha. Theluji naikwangua yote hadi juu ya paa, upepo wa tairi naupima mara kwa mara maana baridi huupunguza, na mwendo naubana. Hivyo ndivyo ninavyotoka Oslo kwenda mji wa Hamar, karibu sawa na Kampala hadi Masaka, bila kusimama kuchaji. Nikifika nachomeka papo hapo, betri ingali na joto. Ukiiacha ilale na baridi, asubuhi itapokea umeme kwa kujikokota, na hata ukipunguza mwendo gari halirudishi umeme kwenye betri kama kawaida.

Ndugu zangu mnaohangaikia viza, kabla hujasaini mkataba wa nyumba huku, uliza kama maegesho yana chaja. Zile za haraka barabarani ni ghali kuliko umeme wa nyumbani, mshahara utauacha huko. Na ukinunua gari la mtumba, usidanganywe na rangi: uliza kama lina pampu ya joto (kifaa kinachovuta joto la hewa ya nje, kikala umeme kidogo kuliko hita ya kawaida), halafu omba kulijaribu asubuhi yenye baridi kali, hita ikiwa imewashwa, uone chaji inavyoshuka.