Kitambaa Cheupe

Juzi jioni kioo cha kompyuta kilibadilika ghafla nikiwa nasahihisha insha. Binti yangu akachungulia: "Baba, mbona kimezeeka?" Nikamweleza kwamba ni mpangilio wa usiku, unapunguza mwanga wa buluu giza likiingia. Maelezo mazuri tu. Ningeyajua 2020.

Muhula ule nilifundisha uchoraji mtandaoni, kuanzia saa mbili usiku. Simu niliifunga kwenye mpini wa ufagio ili waone mkono wangu; hayo huwa nayasimulia. Hili sijawahi kulisema.

Zoezi lilikuwa jagi jeupe juu ya kitambaa cheupe, kwa rangi za akriliki, wajifunze kwamba weupe nao una rangi ndani yake. Mwanafunzi mmoja, mpole, mchoro wake ulikuwa safi ila kitambaa kilikuwa na umanjano. Nikaisingizia taa yake. Nikamwambia apooze umanjano wa vivuli kwa buluu. Akarekebisha, bado. Mara ya tatu akaisogeza picha hadi ikajaa kioo kizima, nikaona hata nyuzi za brashi zilizonasa kwenye rangi. Akanyamaza kidogo.

"Mwalimu, wewe unaona manjano?"

"Naona."

Mimi nilikuwa na shahada mbili. Yeye alikuwa na kitambaa chenyewe mezani.

Akachovya brashi kwenye buluu, akapaka taratibu, mkunjo kwa mkunjo, akisimama kila baada ya mipako miwili kunisubiri. "Ongeza," nikasema. Akaongeza. "Kidogo tena." Wenzake 19 walikuwa wanatazama, vipaza sauti vyao vimezimwa kama nilivyowaagiza mwenyewe. Hatimaye kitambaa kikawa cheupe, huku kwangu. "Hapo sasa!" nikasema, nikawaonyesha wengine kuwa ndio mfano.

Chuo kilipofunguliwa wakaleta kazi zao. Sikuhitaji kusoma jina nyuma ya picha. Jagi lilikuwa limekaa vizuri juu ya kitu kama bwawa la kuogelea. Nyumbani nikapekua mipangilio, nikakuta ule wa usiku unajiwasha kila siku saa moja jioni.

Kesho yake nikamuuliza kwa nini hakuniambia.

"Nilikuuliza, mwalimu."

Alama nilikuwa nimeshaziingiza: A. Sikuzigusa, na sijui mpaka leo kama nilimtendea haki au nilijifichia aibu.