Treni Haina Namba ya Simu

Hajati, mteja wangu, akinipigia saa kumi na moja na nusu alfajiri hatoi salamu. Ameshaswali, chai iko mezani, na swali lake ni lile lile la miaka yote: "Kontena langu liko wapi?"

Asubuhi ile jibu nilikuwa nalo. Nikamwambia lori limevuka Nile pale Jinja saa nane usiku, dereva amejinyoosha kidogo Lugazi, saa tatu atakuwa Nakawa. "Haya baba," akasema, akakata. Nilijuaje? Dakika kumi kabla nilikuwa nimempigia dereva mwenyewe, akapokea huku anapiga miayo na kuwalaani mbu.

Simu ile ndiyo iliyoniweka kitako leo niandike juu ya lori na treni.

Mimi ni wakala wa forodha. Kampala wanatuita watu wa kliaringi. Mzigo wa mtu ukishuka Mombasa, mimi nahangaika na makaratasi mpaka umfikie. Nimefanya hivyo miaka kumi na tisa, na karibu mizigo yote niliyowahi kuishughulikia imekuja kwa matairi. Naona haya kidogo kulisema hilo, kwa sababu mimi ni mtoto wa reli. Nimezaliwa landhi ya Tororo. Usiyezijua landhi, ni zile nyumba za mstari mmoja walizojengewa wafanyakazi wa reli, chumba baada ya chumba, ukuta wa jirani ndio wako, na akikohoa yeye wewe ndiye unayesema pole. Palikuwa na Wajaluo, Wateso, Wajapadhola, Waluhya, Waacholi. Mama zetu waligombana kwa Kiswahili na kupatana kwa Kiswahili. Ndiyo maana naandika kwa lugha hii, ingawa Kampala hadi leo ukifungua kinywa kwa Kiswahili ndani ya teksi, jirani anaushika mfuko wake.

Baba alikuwa mgeuza reli. Tororo ndipo njia inapogawanyika: moja inakwenda Jinja na Kampala, nyingine inapanda Mbale, Soroti, Lira, Gulu mpaka Pakwach. Kazi yake ilikuwa kuvuta wenzo ili treni iingie njia iliyo yake. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977 mimi bado nanyonya. Mama alisema baba alilala mtumishi wa reli ya Afrika Mashariki akaamka mtumishi wa reli ya Uganda, wenzo ule ule, mafuta yale yale mikononi.

Kuna jambo moja niliona utotoni ambalo hakuna semina iliyowahi kunieleza vizuri zaidi. Pale yadi, kama kichwa cha treni kiko mbali, wanaume wanne walikuwa wanalisogeza behewa kwa mtaimbo na mabega. Behewa zima! Chuma juu ya chuma, msuguano ni kidogo sana. Likishaanza kwenda, kazi yako inakuwa kulizuia. Jaribu kulisukuma trela lililobeba shehena, uone kama mgongo utakubakia. Siri ya reli kutumia mafuta kidogo kwa kila tani iko hapo.

Kisha kuna hesabu. Behewa la reli yetu ya mita moja hubeba takriban tani 40. Meli za mabehewa zilizokuwa zinatoka zamani Port Bell, bandari ya Kampala kwenye Ziwa Victoria, yaani Kaawa, Pamba na Kabalega, kila moja ilipakia mabehewa 22, yaani tani 880 kwa safari. Mimi nikipanga lori huweka tani 28 hivi. Gawa mwenyewe: meli moja ni malori thelathini na moja. Thelathini na moja yasiyopita Iganga, yasiyopanda Mabira usiku, yasiyolipukiwa matairi Bugiri.

Na barabara nayo inalipa. Sheria ya Afrika Mashariki inaruhusu lori la ekseli saba kufika tani 56 kwa jumla, mzigo na gari lenyewe. Wahandisi wana kanuni moja inayotisha: ekseli ukiizidishia uzito mara mbili, haiumizi barabara mara mbili, inaiumiza takriban mara kumi na sita. Kwa hiyo maelfu ya boda boda, teksi na magari yetu madogo yakijumlishwa hayaichimbi lami kama trela moja lililomkwepa mtu wa mizani. Ukipanda kilima ukaona matairi yamechimba mifereji miwili kwenye lami kama jembe la ng'ombe, sasa unajua nani amelima.

Njia mbadala si ndoto. Ndiko tulikotokea. Reli kutoka Mombasa ilifika Kisumu mwaka 1901, na kwa karibu miaka thelathini mizigo ya Uganda ilimalizia safari kwa meli ziwani. Reli yenyewe iliingia Kampala mwaka 1931. Huko Busoga kulikuwa na kipande cha reli kutoka Jinja hadi Namasagali tangu 1912, kwa sababu mto katikati hapo una maporomoko na meli haipiti. Kutoka Namasagali meli zilivuka Ziwa Kyoga hadi Masindi Port, zikirudi na pamba. Mafuriko ya mwanzoni mwa miaka ya 1960 yaliikomesha bandari ya Namasagali, majengo yakageuka shule. Mwalimu wangu mmoja alisoma huko, akawa anatuambia walilala mabweni ya wanamaji. Hatukumwamini.

Kwenye Ziwa Victoria mambo yaliharibika Mei 2005, Kabalega ilipogongana na Kaawa na kuzama. Zilizobaki zikasimamishwa, na kwa miaka mingi bandari ya Port Bell ikawa mahali pa kula samaki na kutazama magugu maji. Meli ya Umoja ilirudi kazini kutoka Mwanza mwaka 2018, na mwaka uliofuata Uhuru ya Kisumu ikafufuliwa, ikaanza kuleta mafuta. Mimi nilikwenda kuiangalia siku moja, ati nina mteja huko. Sikuwa na mteja. Nilitaka tu kusikia mabehewa yakigongana.

Kwa hiyo nilipomshawishi Hajati, nilikuwa nasema kwa moyo wangu wote. Hajati ana duka la jumla Kikuubo, sokoni Kampala: sahani za kauri, chupa za chai, ndoo. Alikuwa na kontena mbili kwenye meli moja kutoka China. Nikamwambia, mama, moja tuliweke kwenye lori, la pili tulijaribu kwa reli, tuone. Bei ya reli ilikuwa nafuu kiasi cha yeye kuniuliza kwa nini nilimficha miaka yote hiyo.

La lori lilifika siku ya tano. La reli lilifika siku ya kumi na sita.

Hapa ndipo watu husema, si tulijua, treni ni ya mwendo wa kinyonga. Hapana. Nilikaa na daftari nikahesabu siku moja moja, na siku ambazo kontena lile lilikuwa linatembea hazikufika nne. Nyingine zote lilikaa chini. Lilikaa likingoja behewa. Reli mpya ya Kenya ni pana na ya zamani ni nyembamba, kwa hiyo lilishushwa likangoja kreni ilipandishe upande wa pili. Likakaa tena likingoja kichwa. Lilipofika Kampala, likangoja wenzake wapangwe. Na baada ya hapo kontena tupu nalo lirudishwe, maana wenye meli wanataka chombo chao. Siku zikizidi wanakutoza demareji. Lori likishusha linageuka na kontena lake siku hiyo hiyo. Kwenye reli, kontena tupu liko nyuma ya foleni ya wote. Ule unafuu wa bei uliliwa na demareji, ukabaki mfupa.

Lakini hata hilo Hajati angelivumilia. Kilichomchoma ni kingine. Siku kumi na sita, kila alfajiri, kontena langu liko wapi, na mimi sina la kumjibu. Kampuni iliyotuuzia safari ile, ambayo jina lake naliacha kwa kuwa wana watoto wa kulisha, walikuwa na namba moja. Dada wa upande wa pili alikuwa mpole sana. "Liko njiani, ssebo," yaani bwana. Njiani wapi? "Liko njiani." Nikimuuliza litafika lini anasema wiki hii, na Ijumaa imeshapita.

Siku ya tisa Hajati alisema maneno ambayo sijayasahau: "Baba, mimi siogopi kungoja. Naogopa kungoja kitu nisichokijua." Alikuwa na wateja wa Mbarara na Hoima wamemlipa kiasi. Kama ungemwambia siku ya kwanza kwamba mzigo utachukua siku kumi na sita, angepanga biashara yake kwa siku kumi na sita. Hakuambiwa.

Shemeji yangu ana trela mbili na hadithi hii ilimfurahisha kupita kiasi. "Shemeji, treni yako ina dereva?" Nikasema ina. "Una namba yake?" Akacheka mpaka akaweka glasi chini. Kisha akanieleza kitu ambacho mtoto wa reli sikuwa nimewahi kukiona. Lori lina mtu mmoja anayejua kila kitu: mzigo ni wa nani, karatasi ziko wapi, tairi gani bovu, foleni ya mpakani Malaba imefika wapi. Ukimpigia, umeipigia safari nzima. Treni ina dereva asiyejua mabehewa yamebeba nini, stesheni inayojua yaliyopita lakini haijui yanayokuja, mtu wa kreni, mtu wa forodha, mtu wa lango. Kila mmoja ana kipande chake, na hakuna aliye na safari.

Nikambishia, bila shaka. Nikamkumbusha Januari 2022, madereva walipogoma kwa ajili ya vipimo vya korona, foleni ya Malaba ikarudi ndani ya Kenya, na mafuta Kampala yakapanda bei watu wakaegesha magari. Nikamkumbusha daraja la Katonga lilipokatika Mei 2023, malori ya Masaka yakazungukia Gomba na Sembabule, na yeye mwenyewe alinipigia akilia kuhusu dizeli. Barabara moja ikikatika nchi nzima inashika tama. Akasema ni kweli. "Lakini hata kwenye foleni ile ya Malaba, Hajati alijua niko namba ngapi."

Sasa tunasubiri reli ya kisasa. Mkataba wa kilomita 272 kutoka Malaba hadi Kampala ulitiwa saini Oktoba 2024 na kampuni ya Kituruki, Yapı Merkezi. Nitaishangilia, na kama ningeweza ningempeleka baba akaione, Mungu amrehemu. Lakini ile ya Kenya iliyofika Naivasha mwaka 2019 ni mpya na inang'aa, na kontena la Hajati lilipita juu yake haraka sana, likaenda kukaa. Kila mahali mzigo unapobadilisha mikono panahitaji mtu anayelala na simu ikiwa imewashwa. Mtu huyo ni rahisi kuliko kilomita moja ya reli, na sijamwona kwenye mchoro wowote.

Mwezi uliopita nilikwenda Port Bell kwa shughuli nyingine. Harufu ya mukene, dagaa wetu, jua kali, mabehewa yamepangwa gatini yakingoja kusukumwa ndani ya meli. Kulikuwa na kijana mmoja mwenye daftari lililofungwa kwa mpira, anaandika namba ya kila behewa kwa mkono. Nikamsalimia kwa Kiswahili. Akaitika kwa Kiswahili cha landhi, kile kile. Kumbe babu yake alikuwa Jinja, gadi wa treni. Tukaongea nusu saa. Anajua ni behewa lipi liko wapi, lipi limebaki Kisumu na kwa nini. Hakuna aliyemwagiza kujua. Anaandika kwa kuwa siku moja alilaumiwa kwa behewa ambalo halikuwa lake. Nikamwomba namba. Akanitazama kana kwamba hakuna aliyewahi kuiomba, akaiandika kwenye kipande cha boksi.

Kwenye simu yangu nimemwandika "Meli".

Nikarudi kwa Hajati na maneno matamu. Alinisikiliza akiwa amekunja uso, akanipa kontena moja, moja tu, la ndoo, kwa kuwa ndoo hazivunjiki. Tukalitoa Mombasa kwa reli hadi Kisumu, kisha ziwani. Juzi saa kumi na moja alfajiri nikampigia Meli kabla Hajati hajanipigia mimi. Akapokea mara ya kwanza. Akafungua daftari, nilisikia mpira ukilia.

Saa kumi na moja na nusu ikaingia simu.

"Kontena langu liko wapi?"

"Hajati, limeshapita Buvuma."

Kimya. Nikasikia kikombe kikiwekwa mezani.

"Buvuma? Kisiwani? Baba, ndoo zangu zinafanya nini kisiwani?"