Paipu ndani, umeme nje: nilivyoweka kitambua moshi kwenye chumba cha mionzi

Vitambua moshi vinne vilikufa kwenye dari ile ile kabla sijaitwa. Mteja nalihifadhi jina lake; ana chumba cha mashine ya tiba ya mionzi, nami nilitoka karakana yangu Unga Limited, hapa Arusha, kwenda kumtazamia. Kila kipya kilikaa miezi michache, kisha kikaanza kulia bila moshi, na mgonjwa akatolewa katikati ya tiba. Aliyewauzia aliwaambia ni bahati mbaya, wanunue vingine. Hilo liliniuma. Mashine kama ile ikivuka megavolti 10 hutoa neutroni pamoja na eksirei, na kitambua moshi cha kawaida kina chipu ndani, ambayo neutroni huiharibu. Ukikitundika karibu na mwali wa mionzi, umekihukumu.

Ushauri wa pili ulinikera zaidi. Fundi mmoja wa siku nyingi alisema, "Mdogo wangu, weka kile cha ayoni. Kina mionzi yake ndani, kitazoea." Kweli kina chembe ya amerisiamu-241. Lakini kazi ya chembe hiyo ni kuipa hewa chaji ili mkondo mdogo wa umeme upite. Moshi ukiingia mkondo unashuka, king'ora kinalia. Mionzi ya nje inaupandisha mkondo huohuo. Moshi unaweza kujaa nacho kikanyamaza! Nilimshukuru mzee, sikumfuata.

Mimi niliamua umeme usiingie kabisa. Nilichukua kitambua moshi cha kunyonya: feni na jicho lake vinakaa kwenye kisanduku korido, ndani inaingia paipu tupu ya plastiki yenye vitundu, inavuta hewa ya chumba. Kisanduku ndicho kilichokula hela, milioni nne na kitu. Paipu na gundi nilipata Ngarenaro kwa bei ya kawaida.

Kutoboa ukuta nilikatazwa mapema. Dada anayesimamia fizikia ya mionzi pale aliniambia, "Fundi, zege hili huligusi." Upande unaopigwa na mwali una zaidi ya mita mbili, na tundu lililonyooka ni mlango wa mionzi. Anayetaka kuigusa kinga ya namna hiyo aanzie Njiro, kwa Tume ya Nguvu za Atomiki. Tukapita kwenye tundu la nyaya lililokuwepo, lililokatwa mshazari.

Sasa majaribio. Niliwasha udi chini ya kitundu cha mwisho, nikashika saa. Kiwango tunachofuata ni king'ora kilie ndani ya sekunde 120. Dakika ya pili ikapita, kimya. Ya tatu, kimya. Ikalia kwenye dakika tatu na sekunde ishirini. Nilifungua kila kiungo, nikapaka gundi upya, nikasafisha vitundu. Nikapata nafuu ya sekunde kumi tu. Nililala na hesabu hiyo kichwani.

Asubuhi nikasimama mlangoni na udi mkononi, nikaona moshi wake unavutwa kuingia chumbani. Nikaelewa. Feni za kutolea hewa zinafanya chumba kivute, na kisanduku changu kilikuwa kinatapika hewa yake korido, kwa hiyo feni yangu ndogo ilikuwa inashindana na chumba kizima. Nikaunga paipu ya pili kwenye tundu la kutolea hewa la kisanduku, nikairudisha humohumo chumbani kupitia mshazari uleule. Udi ukawashwa tena: sekunde 52! Yule dada alipiga makofi. Na kwa anayefanya kazi kwenye visanduku vya kushikia dutu zenye mionzi, kurudisha hewa ndani ni lazima kabisa, maana hiyo hewa inaweza kubeba vumbi la mionzi mpaka wanapopita watu.

Jicho lichujiwe vumbi, na vitundu visikae kwenye njia ya mwali, plastiki nayo hukauka ikapasuka.

Huu ni mwaka wa pili, hakijalia bure hata mara moja. Udi uliobaki niliuacha juu ya kisanduku. Kila miezi sita fundi wao anauwasha chini ya kitundu cha mwisho, anapima sekunde, ananitumia ujumbe.