Farasi Kwenye Baridi ya Minnesota: Nyasi, Maji ya Vuguvugu na Ubishi wa Binamu

Usaisi, yaani kazi ya kutunza farasi, nilijifunza Nairobi, kwenye mabanda ya uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, ambako baridi ni ya Julai na dawa yake ni sweta. Januari 2019 ilinikuta Minnesota, Marekani, kwenye shamba moja kaskazini ya Minneapolis, nikiwa na farasi 11 wa kuangalia na mwenye shamba yuko safarini. Tarehe 30 mjini Minneapolis baridi ilifika nyuzi 33 chini ya sifuri, na upepo ulipovuma mwili ulihisi kama imepita 45. Shule zilifungwa. Hata posta iliacha kupeleka barua.

Binamu yangu wa Likoni alikuwa amekuja kunisaidia, na wazo lake lilikuwa lile ambalo kila mtu huwa nalo. "Kaka, tuwafungie wote ndani, tuzibe kila tundu, tuwashe hita."

Nilimkatalia. Banda likizibwa, mkojo hutoa amonia inayochoma macho na mapafu, na pumzi za wanyama hugeuka unyevu unaodondoka kutoka darini hadi migongoni mwao. Na hita juu ya maranda na nyasi kavu, huko si kupasha joto, ni kuchoma banda. Tulifunga milango ya upande wa upepo, matundu ya juu karibu na paa tukayaacha wazi.

"Sasa watapata wapi joto?" akauliza. Nilimwita kwa dume mmoja aliyekuwa na theluji mgongoni. Theluji ile ilikuwa kavu kabisa, haijayeyuka, maana joto la mwili halikuwa likipotea kupitia manyoya. Binamu alivua glavu moja, akachomeka vidole hadi kwenye ngozi. "Eh! Mbona huku kuna moto?" Manyoya ya farasi huanza kuwa mazito siku zinapofupika, mwisho wa kiangazi, kabla baridi haijaja. Yakiwa makavu husimama na kunasa hewa, na farasi mwenye afya anaweza kuvumilia nyuzi 10 hivi chini ya sifuri bila taabu. Akilowa, au upepo ukimpiga moja kwa moja, hesabu hiyo inavurugika.

Chini ya hapo anahitaji kuni, na kuni zake ni nyasi. Vijidudu vya utumbo mpana huzichachusha, na kazi hiyo hutoa joto kwa saa nyingi. Watu hukimbilia kuongeza nafaka. Mimi niliongeza marobota. Farasi wa kilo 500 hula kama kilo 10 za nyasi kavu kwa siku, na wiki ile niliwapa zaidi ya hapo, fungu kubwa likiwa la usiku.

Lakini kilichoninyima usingizi ni maji. Farasi mmoja hunywa lita 30 hadi 40 kwa siku, na maji yakiwa karibu kuganda hunywa kidogo tu. Ukichanganya kiu na nyasi kavu nyingi, kinyesi hukauka, utumbo huziba, na daktari wa mifugo ndiyo huyo yuko mbali na barabara imejaa barafu. Tangi la nje lilikuwa na hita yake ya umeme, lakini nilikuwa nikilitazama kila mara, kwa sababu waya ukivujisha umeme kidogo farasi hulikimbia tangi na wewe unadhani hana kiu. Wale wa ndani nilikuwa nawapelekea ndoo za maji ya vuguvugu kutoka jikoni. Wengine walizamisha pua na hawakuinua kichwa hadi tukaona chini ya ndoo. Chumvi kidogo kwenye chakula ilisaidia kuwatia kiu.

Ushahidi upo kwenye mavi. Ukiyakuta bado yanafuka moshi, yapasue kwa ncha ya buti: yakiwa laini, mambo ni mazuri, yakiwa madogo, magumu na makavu, anza kuwa na wasiwasi. Ukichelewa kidogo yanakuwa mawe na hayakuambii kitu.

Blanketi nilimvika mmoja tu, jike mzee ambaye meno yamekwisha. Nyasi alizitafuna na kuzitema vibonge, kwa hiyo chakula chake kilikuwa vidonge vya nyasi vilivyolowekwa kwenye maji moto hadi vikawa uji. Kila asubuhi nilimvua nikapapasa mbavu kwa mkono mtupu, kwani manyoya ya baridi huficha mnyama aliyekonda, kisha nikahakikisha chini ya blanketi hakuna jasho.

Kwato hazikunisumbua sana. Wengi walikuwa peku, na wenye viatu vya chuma niliwapaka mafuta ya mgando chini ya kwato ili theluji isigande na kuwa donge.

Mwisho wa wiki joto lilipanda ghafla, theluji ikaanza kuyeyuka mchana, usiku ikaganda tena kama kioo. Binamu alidhani tumemaliza. Nilimpa koleo na ndoo ya mchanga, tukaanza kumwaga kutoka mlango wa banda hadi kwenye tangi, kwa sababu farasi akiteleza na kuvunjika mguu, blanketi wala nyasi hazimsaidii.