Mluzi wa hezi 5,000 na kipindi cha pili cha Novemba 1993

Imekubali. Usiku wa kuamkia jana, kama saa saba hivi, nilizima feni, nikavaa hedifoni, nikasikiliza kipindi cha pili chote cha Simba na Stella ya Abidjan bila sauti ya mtangazaji kugeuka ya mtoto hata mara moja. Wiki tano nimehangaika na upande mmoja wa kaseti moja. Mke wangu alitoka kuniangalia, akanikuta nimesimama katikati ya sebule nalengwa na machozi, akadhani kuna msiba.

Kwa mnaofuatilia na kwa wageni: nasafisha kaseti za mpira ambazo mjomba alizirekodi kutoka redioni, na hii ni ile namba 7, upande wa B, kutoka kwenye boksi lake. Fainali ya Kombe la CAF, marudiano, Uwanja wa Taifa, Novemba 1993. Kule Abidjan tulitoka 0-0, tukarudi nyumbani tukiwa na kombe mkono mmoja, mbele ya Rais Mwinyi na uwanja uliofurika, tukafungwa 2-0. Matokeo hayo kila Mwanasimba anayajua. Ninachokitafuta mimi ni siku yenyewe ilivyosikika.

Na kusikika ndilo neno. Bara hatukuwa na televisheni mpaka 1994. Zanzibar walikuwa nayo tangu miaka ya 1970, lakini mtu wa Kariakoo, wa Tabora au wa Songea, mpira wake ulikuwa Radio Tanzania. Nusu fainali ya Afrika ya 1974 tuliyotolewa na Mehalla ya Misri kwa penalti, sita bila tulizowafunga Yanga Julai 19, 1977, Mufulira Wanderers kutufunga nne hapa Dar mwaka 1979 kisha sisi kwenda kuwapiga tano kwao Zambia: wazee wanapokusimulia mambo haya, wengi wao wanasimulia walichokiona kwa masikio. Muulize mzee yeyote pale Msimbazi goli la Mufulira lilifungwaje, atakuonyesha kwa mikono jinsi lilivyoingia, kisha muulize alikuwa wapi siku ile. Atakwambia alikuwa kwenye baraza ya jirani mwenye redio. Kwa hiyo kaseti zilizorekodiwa majumbani ndizo picha zetu, na zinaoza. Hapa Pwani zinaota ukungu mweupe pembeni ya utepe ndani ya miaka michache tu ukiziacha kabatini. Hizi za mjomba zimepona kwa sababu zilikaa Kibondo, bara, ndani ya bati la biskuti.

Sasa tatizo. Upande wa B unaanza vizuri kabisa. Dakika kumi za kwanza unamsikia mtangazaji kwa sauti yake halali. Kisha taratibu, bila wewe kushtuka, anaanza kwenda mbio. Ikifika katikati anaongea kama anafukuzwa. Robo ya mwisho huwezi kutofautisha majina ya wachezaji: Masatu, Marsha, Chumila, yote yanakuwa mlio mmoja mwembamba. Sisi tuliokulia kwenye sauti za akina Ahmed Jongo na Charles Hilary tunajua raha ya utangazaji ule ilikuwa mwendo wake, jinsi mtu anavyoshuka na kupanda na mpira. Ukiharibu mwendo umeharibu kila kitu.

Sababu niliijua mapema. Deki yangu haina kosa. Nimeshaipima kwa kanda yenye mlio wa hezi 3,000 (mitetemo 3,000 kwa sekunde), na mkanda wa mota nilibadilisha mwezi wa tatu kwa fundi wa Gerezani. Kosa lilifanyika siku ile ile ya kurekodi: redio kaseti ilikuwa inatumia betri, betri zikawa zinakufa, mota ikawa inazunguka polepole. Ukicheza leo kwa mwendo sahihi, kilichorekodiwa polepole kinatoka mbio. Hilo halina siri. Siri ni kujua ilipungua kwa kiasi gani, na lini, kwa sababu haikupungua kwa mstari ulionyooka.

Nilianza kwa sikio. Nilikata upande mzima vipande vya dakika moja moja, nikawa nashusha mwendo wa kila kipande mpaka sauti isikike sawa. Msifanye hivi. Baada ya nusu saa sikio linazoea na linakudanganya. Usiku unaona umemaliza, asubuhi ukirudi unakuta mtangazaji amekuwa watu watatu tofauti. Siku nne zilipotea hapo. Kisha nikafikiria muungurumo wa umeme. Umeme wetu ni hezi 50, na mitambo ya zamani mara nyingi ilikuwa inavujisha muungurumo wa 50 au 100 ndani ya matangazo. Ukiupata, umepata rula. Nikatafuta wiki nzima. Redio ndogo ile ilikuwa haipitishi sauti nzito hata kidogo, na kilichobaki huko chini kimefunikwa na umati. Nikakaa siku kadhaa sigusi kitu. Nilikasirika hasa, kwa sababu upande wa A wa kaseti nyingine nne nilizisafisha ndani ya siku mbili, na hii ndiyo yenye fainali.

Nikampigia mjomba. Shikamoo, marahaba, habari za huko, nikamuuliza kuhusu zile betri. Alicheka kwanza. Akasema redio ilikuwa ya betri kubwa nne na zilikuwa zile zile za wiki mbili. Mapumziko alizitoa, akazipanga juu ya bati la jiko zipate jua, akaongeza mbili mpya alizokopa dukani, akachanganya. "Mpwa wangu, duka lilikuwa na mbili tu. Ningefanyaje, na shule nzima imekaa uwanjani kwangu?" Alikuwa mwalimu. Wanafunzi, walimu wenzake na nusu ya kijiji walikuwa wamejaa pale, sauti imefunguliwa mpaka mwisho.

Ile ikanieleza kwa nini upande wa B unaanza sawa halafu unaporomoka: betri zilizoanikwa zilikuwa na uhai wa dakika chache tu. Lakini kuna neno jingine alilisema akipita tu, na ndilo lililonifungulia mlango. Alisema, "na siku ile kulikuwa na mluzi, stesheni nyingine inaingilia." Kibondo walikuwa wanaipata Dar kwa masafa mafupi.

Wanaojua redio wameshaelewa. Stesheni za masafa mafupi hupangwa kwa nafasi ya kilohezi 5. Stesheni jirani ikiwa na nguvu, mawimbi mawili yanagongana ndani ya redio yako na kutoa mluzi mwembamba wa hezi 5,000 kamili, na mluzi huo haubadiliki, kwa sababu unatoka kwenye mitambo miwili iliyosimama imara. Kinachobadilika ni utepe tu. Nikafungua picha ya masafa kwenye Audacity, programu ya kuhariri sauti, ile picha inayoweka sauti nzito chini na nyembamba juu, nikavuta juu kabisa, sehemu ambayo siku zote nilikuwa naikata nikidhani ni uchafu. Mstari ule pale. Mwembamba kama uzi, kutoka mwanzo mpaka mwisho wa kaseti. Unaanza hezi 5,020 na unaishia karibu 5,810.

Kilichofanya uonekane safi vile ni laini ya simu. Utangazaji kutoka uwanjani ulikuwa unapita kwenye laini ya simu mpaka studio, na laini ya simu haipitishi chochote cha maana juu ya hezi 3,400. Kwa hiyo mtangazaji na umati wote wanaishia chini, huko juu ni tupu, na mluzi umekaa peke yake. Na hapa niseme jambo kuhusu hizi programu za kuondoa kelele ambazo kila mtu anazisifia: ningezipitisha mwanzoni, kama nilivyoshauriwa na zaidi ya mtu mmoja, zingefuta mluzi kwanza. Ndiyo kazi yake. Rekodi nakala ghafi, usiiguse, iweke kwenye diski mbili, ndipo uchezee nakala. Na punguza mkono hata kwenye nakala. Nimesikia mechi za zamani mitandaoni ambazo umati umesuguliwa mpaka unasikika kama maji ya bomba. Umati ndio uwanja wenyewe, jamani.

Kunyoosha mstari nilianza na zana ya Audacity iitwayo Time Track, ile unayoweka nukta na kuvuta mwendo juu au chini. Kwa mteremko mrefu inafaa. Nikaweka nukta 46, nikapata kitu kinachosikilizika, lakini sauti bado ilikuwa inatetemeka. Nikaandika programu ndogo ya Python inayosoma mluzi uko wapi kila sehemu ya kumi ya sekunde na kurudisha utepe mpaka mluzi ukae 5,000. Ilikataa mara tatu, kila mara ikikimbilia sauti ya tarumbeta la jukwaani, mpaka nilipoifungia isitafute chini ya 4,900. Mara ya nne ikapita yote.

Nikaipima kwa saa ya mchezo wenyewe. Mtangazaji anataja dakika ya 60, na baadaye dakika ya 75. Kabla ya kunyoosha, kati ya matamko hayo mawili kulikuwa na dakika 13 na sekunde 56. Baada ya kunyoosha: dakika 15 na sekunde 3. Hapo ndipo nilipozima feni.

Halafu kuna hili, ambalo sikulitegemea. Kila aliyewahi kurekodi mpira kwa kaseti ya dakika 90 anajua machungu yake: upande una dakika 45, kipindi kina dakika 45, na dakika za majeruhi zinakatwa. Kaseti tano za mjomba zinaishia hivyo hivyo, mpira bado unachezwa. Hii ya fainali haikukatwa. Utepe uliokuwa unazunguka polepole ulikula muda mwingi zaidi kwenye urefu ule ule. Upande wenye dakika 45 na sekunde 40 ukinyooshwa unatoa dakika 49 na ushee. Kipenga cha mwisho kimo. Betri mpya nne zingetupa sauti nzuri na zingetunyima kipenga.

Sasa mpango ulikuwa wiki hii nianze zile kanda za VHS, vipindi vya michezo vya mwishoni mwa miaka ya 1990 na vya 2003, mwaka tuliomvua Zamalek ubingwa wa Afrika kwa penalti kule Cairo. Deki ya VHS nimeshaiazima na ipo mezani. Zitasubiri, kwa sababu nilipoikuza ile picha ya mluzi niliona mstari haupandi laini. Una vituta. Vidogo, vya nusu sekunde, sekunde mbili, vimejaa kipindi kizima. Nilidhani ni utepe umejikunja. Nikaenda kimoja kimoja na kusikiliza: kwenye kila kituta, umati unalipuka. Simba wanavuka nusu, krosi inaingia, watu wanasimama, kituta.

Nimekaa nikafikiri mpaka nikaelewa. Redio na mota zilikuwa zinakula betri zile zile. Sauti imefunguliwa mpaka mwisho; umati wa Taifa ukipiga kelele, spika ya Kibondo inavuta umeme zaidi, betri zinazimia kidogo, mota inajikwaa, utepe unachelewa. Taifa wakinyanyuka, kaseti ya mjomba ilikuwa inashtuka nao, kilomita zaidi ya elfu moja kutoka Dar.

Nimeshachora mchoro wa vituta vyote 112 kwenye mstari wa dakika. Robo saa ya kwanza vimesambaa. Kati ya dakika ya 60 na 70 vimebanana kama meno ya kitana, maana yake tulikuwa tunawashambulia kweli, na mimi nilikua nikiambiwa kwamba siku ile timu haikucheza. Dakika saba za mwisho kuna vituta vitatu tu. Mtangazaji bado anajitahidi, anataja pasi, anataja kona, lakini mstari umelala.

Mwameja, kipa wetu, anadaka mpira, anaupiga mbele, kipenga. Halafu sekunde 41 ambazo mtangazaji anaongea kwa sauti ya chini na nyuma yake hakuna tarumbeta wala ngoma, ni mvumo tu wa watu wengi wanaotembea, mpaka utepe unakwisha katikati ya neno.

Nimemtumia mjomba kwa simu. Aliisikiliza yote, akanipigia baada ya saa nzima. Akauliza kama upande wa A ninao pia. Ninao. Mluzi wake umeanza kuonekana dakika ya tatu.